Deni la sehemu ya kwanza: katuni za familia na miendelezo yake, ipi uwashe Jumamosi

Nyumbani kwangu wapo watazamaji watatu na rimoti moja. Binti mkubwa ana miaka 13, wa kati ni mvulana wa 8, kitindamimba ana 4. Jumamosi wakishaoga na vyombo vikishatolewa mezani, ugomvi unaanza. Kila mmoja ana katuni yake, na siku hizi katuni haiji peke yake: ina sehemu ya pili, nyingine ya nne. Mwishowe macho yote yananigeukia. "Baba, chagua wewe basi."

Nimechagua vibaya mara nyingi. Nimeshamaliza bando kwa filamu ambayo wote watatu walilala kabla adui hajatokea. Nimeshawasha sehemu ya pili kwa watoto ambao ya kwanza hawakuiona, nikawa mkalimani mpaka majina ya mwisho yanapanda. Makosa hayo yamenifunza kuachana na swali ambalo kila mtu huuliza, kwamba ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza au la. Mara nyingi jibu ni la, na jibu hilo halikusaidii kuchagua. Sasa nauliza: ya kwanza iliacha deni gani?

Kuna filamu ikiisha huacha mlango umerudishwa tu, haukufungwa. Kuna jambo liligusiwa likapitwa, kuna mtu hakupewa haki yake, kuna swali ambalo mtoto atakuuliza taa ikishazimwa. Mwendelezo unaokuja kulipa deni hilo una sababu ya kuwepo. Usio na deni la kulipa huanza kukopa: wimbo unaofanana na ule wa zamani, utani uleule, adui yuleyule aliyebadilishwa shati. Anayelipa riba ni wewe uliyekaa kwenye kochi.

Nitafichua mambo ya ndani ya filamu hizi. Asiyetaka kujua mwisho na aruke kichwa kinachomhusu.

Inside Out (2015) na Inside Out 2 (2024)

Hapa deni lilionyeshwa kwa kidole. Ya kwanza, iliyoongozwa na Pete Docter wa Pixar, inatuingiza kichwani mwa Riley, msichana wa miaka 11 ambaye wazazi wake wamehama naye kutoka Minnesota kwenda San Francisco. Humo wanakaa watu watano ambao nyumbani kwetu tumewapa majina: Furaha, Huzuni, Hasira, Woga na Kinyaa. Mwishoni wanafungiwa mtambo mpya wa kumwongozea Riley, na kwenye mtambo huo kuna kitufe kikubwa kilichoandikwa balehe. Wanakitazama, wanaona si kitu, filamu inaisha. Watoto walishangaa kwa nini nacheka.

Malipo yalichukua miaka tisa. Katika ya pili, iliyoongozwa na Kelsey Mann, Riley ana miaka 13, ana nyaya za kunyoosha meno, na kile kitufe kinapiga king'ora usiku watu wamelala. Wanaingia wageni: Wasiwasi, Husuda, Aibu, na mmoja ambaye sisi tunamwita Uchoshi, yule anayejilaza kwenye kochi na simu mkononi, kila kitu duniani kinamchosha. Wasiwasi anashika usukani. Anawafungia wale watano wa zamani na kuwatupa mbali, kisha anaanza kumpangia Riley maisha kwa kumwonyesha mabaya yote yanayoweza kutokea kesho. Riley mwenyewe yuko kwenye kambi ya siku tatu ya hoki ya barafuni. Watoto wangu hawajawahi kuona mchezo huo, lakini mkubwa amewahi kukaa kambi ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, akitafuta namba kwenye timu ya netiboli, na hakuhitaji tafsiri. Usiku kucha unahesabu makosa ambayo hujayafanya bado.

Ya kwanza inashinda kwa ujasiri. Kusema kwenye katuni ya watoto kwamba Huzuni ana kazi yake, kwamba mtoto akilia ndipo wenzake hujua anahitaji kushikwa, lilikuwa jambo kubwa, hasa kwa sisi tuliolelewa kwa "nyamaza, mwanaume halii". Halafu kuna Bing Bong, rafiki wa kufikirika mwenye mkonga wa tembo na mwili wa pamba ya sukari, anayekubali kusahaulika ili Furaha apate kupanda juu. Wa kati wangu aliinuka akisema anakwenda kunywa maji. Alirudi macho mekundu, na maji hakunywa.

Ya pili haina Bing Bong, na mahali pengine inakopa: hisia zimepotezwa mbali tena, zinatembea kurudi makao makuu tena, kwa njia inayofanana sana na ile ya mwanzo. Husuda na Aibu ni mapambo. Ila karibu na mwisho zipo dakika chache ambazo zinanifanya niisamehe yote. Riley amekaa kwenye kizimba cha wachezaji waliotolewa kwa makosa, moyo unamwenda mbio, pumzi haishuki, na kichwani Wasiwasi anazunguka kama kimbunga, hawezi hata kujizuia mwenyewe. Binti yangu hakusema neno. Kesho yake tukielekea dukani akaniuliza, "Baba, ile hali ina dawa?" Tuliongea njia nzima, na tulipofika tukawa tumesahau tulichotumwa.

Kwa hiyo wa miaka 8 hadi 10, mwanzishie ya kwanza. Wa 12 kwenda juu, mpe ya pili hata kama ya kwanza hajaiona, inajieleza. Wa miaka 4 atachoka na zote mbili, maana maneno ni mengi na mambo ya kichwani hayashikiki. Urefu ni karibu uleule, kama dakika 95.

Zootopia (2016) na Zootopia 2 (2025)

Ya kwanza ni hadithi ya upelelezi iliyovishwa manyoya. Judy Hopps, sungura wa kwanza kuwa polisi, anashirikiana na Nick Wilde, mbweha mjanja wa mtaani, kutafuta wanyama waliopotea. Kilichonifanya niipende si upelelezi. Ni pale Judy, huyuhuyu mwema wetu, anaposimama mbele ya waandishi wa habari na kudokeza kuwa labda wala nyama wana kitu kibaya damuni mwao, bila kuona kwamba amemchoma rafiki aliyesimama pembeni. Mwenye kosa ni steringi mwenyewe. Katuni chache huthubutu. Na kwa kicheko, ile ofisi ya leseni inayoendeshwa na wanyama wanaosogea kwa mwendo wa kinyonga haihitaji kuelezwa kwa yeyote aliyewahi kupanga foleni huku ameshika fomu.

Deni watoto waliliona kabla yangu. "Baba, mbona hakuna nyoka?" Kweli. Mji mzima, kutoka tembo mpaka panya, ni wanyama wanaonyonyesha watupu, na hakuna anayeuliza wengine wako wapi. Zootopia 2 inaanzia hapohapo. Nyoka wa buluu, Gary, mwenye sauti ya Ke Huy Quan, anaingia mjini, na polepole tunajua kwamba jamaa zake hawakuwa wamekosekana, walifukuzwa. Ipo familia tajiri ya Lynxley inayojitapa kuwa babu yao ndiye aliyebuni kuta za hali ya hewa, zile zinazoufanya mji uwe na jangwa upande huu na theluji upande ule. Ipo pia hati ya zamani inayosema vingine, na upo mtaa wa watu wadogo unaotaka kumezwa na upanuzi. Mtu wa huku kwetu haambiwi mara mbili: hii ni kesi ya kiwanja. Nilijikuta saa tatu usiku namweleza mtoto wa miaka 8 maana ya hati miliki, na kwa nini mwenye hati halisi anaweza kukosa nyumba.

Udhaifu wake ni kujaza. Wahusika wapya ni wengi, mbio za kufukuzana ni nyingi, na kuna utani unaopita kabla hujaudaka. Ugomvi wa Judy na Nick, marafiki wanaopendana lakini hawajajua kuambiana ukweli, ungetosha kubeba filamu nzima. Hata hivyo kati ya miendelezo yote niliyoiona miaka hii miwili, huu ndio ninaouweka karibu kabisa na ya kwanza yake. Zitazameni kwa mpangilio. Kitindamimba hakumwogopa Gary hata kidogo. Alitaka kumkumbatia, jambo ambalo kwa mtoto anayeishi karibu na shamba la mihogo lilinipa kazi nyingine ya kuelezea.

Moana (2016) na Moana 2 (2024)

Hapa nagombana na nyumba nzima.

Moana ya kwanza ilifunga mlango na kutia komeo. Moyo wa Te Fiti, mama wa visiwa, umerudishwa, visiwa vimepona, watu waliosahau kuwa mababu zao walikuwa mabaharia wamerudi baharini. Na ule mgeuko wa mwisho, kwamba zimwi la moto lililokuwa likiwindwa ndilo mama mwenyewe aliyeibiwa moyo, ni wa kukupa kimya. Tala, bibi yake Moana, anayekufa katikati ya hadithi, anarudi akiwa samaki taa anayeng'aa chini ya mtumbwi. Kwa Kiswahili utani unakuja wenyewe, taa anawaka kama taa, na mwanangu wa kati alijipongeza wiki nzima kwa kuugundua.

Kuna jambo jingine kwa sisi wa pwani. Ile mitumbwi yenye mti wa pembeni unaoizuia isipinduke, mtoto wa Tanga au Unguja anaijua: ni jamaa ya ngalawa. Wanahistoria wengi wanaona ufundi huo ulivuka Bahari ya Hindi pamoja na watu wale wale waliokwenda kukaa Madagaska, ambao lugha yao ina undugu na za visiwa vya Pasifiki. Mzee mmoja jirani yetu, mvuvi mstaafu, alipita wakati tunatazama, akasimama mlangoni, akasema, "Huyo binti tanga anaiweka vizuri." Akaendelea na safari yake.

Basi deni lilikuwa wapi? Sikuliona, na nadhani hata waliotengeneza walilitafuta sana. Moana 2 ilikusudiwa kwanza kuwa tamthilia ya vipande kwenye Disney+; Februari 2024 ikatangazwa kwamba itakuwa filamu ya ukumbini, na Novemba mwaka huohuo ikatoka. Ukijua hilo unaona mishono. Moana anapata wito wa kutafuta kisiwa kilichozamishwa ili watu wa bahari waungane, anachukua mabaharia watatu, na kila mmoja amepewa tabia moja ya kuchekesha ya kumtosha kipande kimoja. Wanafika mahali, wanapata mkasa, wanatoka, wanafika mahali pengine. Adui, mungu wa dhoruba aitwaye Nalo, haonekani uso mpaka majina yameshaanza kupanda, na hapo anaonekana ili kukuuzia ya tatu. Huo ni mkopo wa wazi.

Nyimbo nazo. Lin-Manuel Miranda aliyeandika za kwanza hakurudi. Kazi ilikwenda kwa Abigail Barlow na Emily Bear, huku Opetaia Foa'i na Mark Mancina wakibaki. Si mbaya. Ila kipimo changu ni bafuni: miezi imepita na watoto bado wanaimba za 2016 wakioga, za 2024 hakuna.

Kitu kimoja cha kweli kipo, na ni mdogo wake Moana, Simea, kitoto kisichotaka dada aondoke. Kuagana kwao kumenigusa kuliko dhoruba zote. Na siwezi kuficha kwamba iliingiza zaidi ya dola bilioni moja, kuliko ya kwanza, wala kwamba kitindamimba wangu anaitaka hii ya pili kila wiki, kwa rangi, ngoma na yule jogoo mpumbavu. Mtoto wa chini ya miaka 6 mpe yoyote. Ukiwa na jioni moja tu, mpe ya kwanza.

Puss in Boots (2011) na The Last Wish (2022)

Mimi nilikulia kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, joto, televisheni moja juu ya meza ndefu, na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga: steringi hafi. Ukichelewa kuingia unauliza tu, "Steringi nani?" Ukishaonyeshwa, umetulia. Anaweza kupigwa risasi, kutupwa mtoni, kufukiwa. Hafi.

The Last Wish, iliyoongozwa na Joel Crawford, inaanza kwa kuivunja sheria hiyo ndani ya dakika chache. Paka anaimba, anapigana na jitu, anashinda, na kengele inamwangukia. Amekufa. Anaamka kwa daktari anayemwambia, baada ya kumhesabia, kwamba katika roho zake tisa ametumia nane. Kwetu mtu sugu husemwa ana roho ya paka. Huyu ni paka ambaye roho imebaki moja na ndiyo kwanza anaijua thamani yake. Halafu anatokea mbwa mwitu mwenye mundu mbili, anapiga mluzi. Nywele za paka zinasimama. Kwa mara ya kwanza maishani shujaa anakimbia kwa woga.

Sitasimulia zaidi, isipokuwa sehemu moja porini ambapo moyo unamwenda mbio hawezi kupumua, na kijibwa kisicho na jina wala makao kinakuja kumwekea kichwa tumboni, bila neno, mpaka pumzi inarudi. Iweke hii kando ya ile ya Riley kwenye kizimba. Zilitofautiana mwaka mmoja na nusu hivi, kampuni mbili hasimu, na zote zimeona kwamba watoto wa siku hizi wanaijua hali hiyo.

Ya kwanza, ya 2011? Ina yai linaloitwa Humpty Dumpty na maharage ya ajabu. Niliitazama tena mwezi uliopita na sasa nakumbuka nusu yake. Huhitaji kuiona. Ni nadra mwendelezo kuifanya asili yake isiwe na kazi, lakini hapa imetokea. Hata uchoraji umebadilika: katika ya kwanza picha ni laini kama plastiki, katika ya pili ni kama zimepakwa kwa brashi, na kwenye mapigano mwendo unakatikakatika makusudi kama kurasa za kitabu cha katuni.

Kuanzia miaka 8. Mbwa mwitu yule anatisha kweli. Kitindamimba aliletwa kitandani kwetu usiku ule, na mama yao alinitazama jicho ninalolijua.

The Lion King (1994) na Mufasa (2024)

Hii tunaitazama kwa masikio tofauti na ulimwengu mzima. Wengine wanasikia majina, sisi tunasikia maneno. Simba, Rafiki, Shenzi, Pumbaa; na mwendelezo wa video wa 1998 ukaongeza Kovu, Vitani na Zira, kana kwamba mtu alifungua kamusi akachagua.

Ya 1994 ni dakika 88 zisizo na kitu cha ziada. Ya 2019 ya Jon Favreau iliirudia karibu picha kwa picha kwa wanyama wanaofanana na wa kweli, iruke. Swali la kweli ni kati ya ya 1994 na Mufasa, iliyoongozwa na Barry Jenkins, inayorudi nyuma kueleza ujana wa baba yake Simba. Deni lipo, tena kubwa, na mtoto yeyote aliyelia pale Mufasa anapouawa korongoni ameliuliza: kwa nini ndugu amuue ndugu yake? Wivu, tuliambiwa, tukapelekwa mbele.

Sasa tunaambiwa kwamba Mufasa alikuwa yatima aliyebebwa na mafuriko, akaokotwa na mwana wa mfalme. Na mwana huyo wa mfalme, huyo atakayekuja kuitwa Scar, muuaji wa korongoni, anaitwa Taka. Sebule ilivunjika mbavu. "Baba, mama yake alimwita Taka?" Nikawaeleza kwamba hata huku kwetu zamani mtoto aliyetanguliwa na vifo vya wenzake aliweza kupewa jina baya ili asitamanike, na kwamba tunao akina Shida, Tabu na Majuto walio watu wazima wenye heshima. Hawakushawishika. Na ile nchi njema wanayoitafuta inaitwa Milele. Simba wanaambiana twende Milele, tutafika Milele, mpaka mama yao akachungulia kutoka jikoni akauliza nani kafariki.

Safari yenyewe ni nzuri, na nusu ya kwanza, vijana wawili wanaopendana kama ndugu wa tumbo moja, inavutia. Lakini malipo yalipofika niliona ni noti bandia: Taka anageuka kwa kuwa Sarabi, simba jike anayemtaka, amempenda Mufasa. Basi. Kosa la kutikisa ufalme limefanywa ugomvi wa vijana juu ya msichana, ilhali palikuwa na jambo zito zaidi mezani, baba aliyemlea mwanawe akiamini damu ndiyo kila kitu. Pia nyuso za simba halisi hazisemi. Mara tano nimeulizwa, "Huyu ni yupi?" Katika ya 1994 hakuna aliyewahi kuuliza.

Wadogo, ya 1994, na uwe karibu nao korongoni. Wakubwa wanaoijua kwa moyo wataifurahia Mufasa kwa kubishana nayo, ingawa dakika 118 ni nyingi.

Za kupitia haraka

Kung Fu Panda 4 (2024): deni la Po, yule panda mpiganaji, lililipwa lote katika ya tatu, alipompata baba yake. Hii inamtafutia mrithi, inawaweka kando wale wapiganaji watano wapendwa, na inabaki kuwa ya kutazama huku unapiga pasi. Wadogo walicheka sana, nami nguo zilinyooka.

Despicable Me 4 (2024): hadithi nne zilizokutanishwa kwa bahati. Ila Minions, vile vijitu vya njano, hawasemi lugha yoyote inayoeleweka, na hilo kwa nyumba zetu ni faida. Nitalirudia.

Spider-Man: Across the Spider-Verse (2023): nzuri kwa macho kuliko zote nilizotaja, dakika 140, kisha inakatika katikati ya sentensi. Sehemu ya tatu imepangiwa 2027. Ukimwonyesha kijana wako leo, jiandae kudaiwa wewe.

Ne Zha 2 (2025) ya China imepita dola bilioni mbili na kuwa katuni iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote. Vita vyake ni vikubwa na virefu. Wa 13, sawa. Wengine walale.

Habari ya lugha

Nyumba nyingi za kwetu hutazama filamu hizi kwa Kiingereza, na mtoto wa miaka 4 anayesikia Kiswahili tu hafuati maneno, anafuata mwili. Kabla sijawasha kitu kipya kwa kitindamimba nazima sauti dakika tano. Kama bado najua nani anataka nini, yeye pia atajua. Moana zote mbili zinafaulu. Inside Out zote mbili zinaanguka. Zootopia iko katikati.

Na kama hilo ndilo tatizo lako kubwa, achana na miendelezo jioni moja, tafuta Flow ya 2024, kazi ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia iliyoshinda Oscar. Hakuna neno hata moja ndani yake. Mafuriko yamefunika dunia, paka mweusi yuko ndani ya mashua na wanyama wengine, na mmoja wao ni karani tamba, ndege wetu wa nyika mwenye miguu mirefu na manyoya ya kisogoni kama kalamu. Kwa mara ya kwanza watoto wote watatu walitazama kitu kimoja, bila mkalimani, na hakuna aliyejua zaidi ya mwenzake.

Deni ambalo bado halijalipwa

Nimebakiza The Wild Robot ya 2024, ya Chris Sanders, ambayo bado iko peke yake. Roboti Roz, kwa sauti ya Lupita Nyong'o wa kwetu Kenya, anasombwa na bahari mpaka kisiwa kisicho na watu, anaangukia kiota kwa bahati mbaya, na yai moja linabaki. Kifaranga cha bata bukini kinapototolewa kinamwona yeye kwanza. Sasa mashine ambayo haikuumbwa kuwa mama inabidi imfundishe mtoto kula, kuogelea na kuruka kabla baridi haijaingia. Sauti ya Lupita inaanza kavu kama tangazo la stendi na kupata joto kidogo kidogo, huwezi kusema ni sentensi gani iligeuka.

Inaisha Roz akiwa ameondoka kisiwani ili wengine wawe salama. Mtoto wake anamfuata mbali huko aliko, na anamtambua. Mlango umerudishwa tu. Kitabu cha Peter Brown kilichozaa filamu hii kina miendelezo miwili, wa 2018 na wa 2023, kwa hiyo hadithi ya kulipia deni ipo, na kampuni imeshasema sehemu ya pili inaandaliwa.

Kitindamimba hajali habari za kampuni. Jumamosi iliyopita alisubiri wakubwa wamalize kubishana, akanivuta mkono. "Baba, Roz anarudi lini kisiwani?"

Nikamwambia bado wanamchora.

Akafikiri kidogo. "Basi weka ile ya mwanzo tena, akiwa bado yupo."